Ku-bi-amp au kuacha: spika za mzee kule Kiritiri na sauti ya mama

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni yangu mwenyewe, sijatia chumvi, na inaniaibisha kidogo.

Mzee wangu anaishi Kiritiri. Ana spika mbili kubwa za mbao, za zamani, na rekodi moja ya kwaya ya kanisa. Mama yetu anaimba soprano humo, ile sauti ya juu kabisa. Alituacha mwaka juzi.

Kila nikienda, mzee ananilalamikia. "Mama yenu simsikii. Ni hawa wanaume tu nasikia." Siku moja akaongeza kwamba sauti ya mama imeanza kumtoka kichwani. Hiyo iliniuma sana.

Mimi ndio fundi wa familia, au najiita hivyo. Nikachungulia nyuma ya spika, nikaona mashimo manne ya waya badala ya mawili. Nikaamua dawa ni bi-amp, yaani mashine mbili za kukuza sauti: amp moja isukume besi, nyingine ishughulike na tweeter peke yake, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Hapa jukwaani mliniambia sitasikia tofauti. Niliwaona wabahili. Mnisamehe.

Saidi, rafiki yangu anayeuza vifaa vya redio Meru town, akaniazima amp ya pili. "Hizo bati ndogo za nyuma zinazounganisha mashimo utoe kwanza," akanionya. "Usiniunguzie mashine, ndugu yangu."

Jumamosi asubuhi nikafika Kiritiri na maringo yangu yote. Nikapiga magoti nyuma ya spika na tochi.

Dada yangu Wanja akaniangalia. "Hizo mikono yako ziko na grisi. Ngoja nitoe vitambaa za mama."

Kwa wasiopajua, Kiritiri kuna vumbi. Mama alifumia kila spika kitambaa cha krosheti, kizito, chenye bitana, kikashuka mbele mpaka chini. Tangu aondoke hakuna aliyethubutu kuvigusa, labda kuvipangusa tu. Mimi nilikuwa hata sivioni tena.

Wanja akavitoa. Nikapiga ile rekodi na amp ya zamani kwanza, nipate cha kulinganisha.

Wakuu, mama akaimba. Wazi kabisa, hadi ile pumzi anayovuta kabla ya kiitikio.

Mzee akakaa chini. Wimbo ulipoisha akasema, "Hiyo mashine ya Saidi ni kali."

Mashine ya Saidi ilikuwa bado kwa boksi.

Nilitamani kunyamaza nibebe sifa, lakini Wanja alikuwa ananikodolea macho. Nikasema ukweli. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Huyo mama yenu. Kila kitu lazima afunike."

Amp nimerudisha bila hata kuichomeka. Nilichojifunza: kabla hujaongeza mashine, angalia kwanza nini kimeziba sauti uliyo nayo.

Wataalamu wa bi-amp, njooni mnicheke, nimekubali. Ila mseme pia spika zenu nyumbani zimevaa nini.

Na kwa mtakaouliza vitambaa viko wapi: Wanja alitaka viingie kabatini, mzee akakataa. Akitaka kusikiliza, anavikunja mwenyewe polepole, anavipakata, ndipo anabonyeza play. Wimbo ukiisha, anavirudisha.