Siku Nilipiga Ngoma ya Bariyeri, Kamiyo Mbili Zikakutana Uso kwa Uso

Eee batu ya humu ndani! Ba papa, ba mama, ba kaka, ba dada! Mwenye amesimama aikale, mwenye amelala aamuke, mwenye iko napika sombe apunguze moto. Muzee wa Karuba iko na neno.

Mi sikuingiaka masomo hata siku moja. Niko naongea mu telefone, yenyewe njo inaandika. Ikikosea, mulaumu telefone.

Lakini habari iko ya kweli. Pale nitaongeza chumvi, nitaongeza kidogo tu, kama ya mugonjwa wa presha.

Juzi hapa vijana banasema eti muziki ya zamani ilikuwa ya kulalia. Nikacheka mpaka jino yangu ya mwisho ikatikisika.

Miaka ya hamsini, shiye tulikuwa batu!

Suruali yangu ilikuwa pana chini, kuku ingeweza kutagia mule na mi nisijue. Ku kichwa nilikata reyi, ule mustari wa kinyozi, imenyooka kuliko barabara ya Bazungu. Na mafuta nilipaka mingi, nzi ikikanyaga nywele yangu inateleza, inavunjika muguu.

Na nilikuwa na fono.

Mwenye haijue: fono iko kisanduku ya mbao na manivele, ule mukono wa chuma, pembeni. Unazungusha manivele, unaweka diske nyeusi, unashusha sindano, na mutu anaimba mule ndani, hakule, hakunywe, haombe hata fasi ya kulala. Niliilimia viazi misimu mbili mu shamba ya Muzungu mpaka mugongo ikakuwa kama upinde.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, Karuba yote ilikuwa inakuya kwetu. Hata ng'ombe zilikuwa zinasimama kusikiliza. Kulikuwa moja, ukipiga gitare inatoa maziwa, ukipiga akordeo inatoa siagi.

Haya, hapo nimeongeza chumvi.

Kamiyo ya zamani, lori ile ya mizigo, nayo ilikuwa inawashwa na manivele, kama fono. Na shofere alikuwa mutu mukubwa! Akipita, binti bote banaacha majembe mu shamba. Shofere wetu wa kushuka Walikale tulimuita Papa Klakso, juu alikuwa anapiga klakso, ile honi, hata akiwa chini ya kamiyo anarekebisha.

Sasa sikilizeni neno yenyewe.

Kulikuwa binti moja wa Walikale, Feza. Alikuya Karuba kutembelea mama yake mudogo. Akasikia fono, akacheza. Weee! Alicheza mpaka diske ikaisha na yeye haikuona kama imeisha.

Mi nikakwisha pale pale.

Akarudi kwao. Nikatuma neno kwa baba yake kupitia Papa Klakso. Baba yule alikuwa muwindaji wa pori, mutu wa sauti nene. Jibu yake ikapanda na kamiyo: "Muambie huyo kijana, mutoto wangu haendi ku mulima, kwenye mate inaganda mbele ya kufika chini."

Nikatuma tena. Akajibu tena: "Batu ya mulima banakunywa maziwa kama ndama. Mi sizaliaki ndama binti."

Safari ya tatu Papa Klakso alinikuta nazungusha fono. Akanitazama na huruma.

"Kaka, weye uko nazungusha fono, wenzako banazungusha bibi. Iko karani moja pale Masisi, mwenye lunete, miwani ya macho, na baiskeli mupya. Baba ya Feza atapanda na mutoto hii juma, amupeleke kwa karani."

Sikuaga hata mutu. Nikabeba fono, nikavuta mbuzi yangu ya kuomba, nene kama paroko, nikapanda juu ya viazi mu kamiyo ya Papa Klakso. Nilitaka nifike kule Walikale mbele baba hajatoka.

Mujue kitu kimoja: kwetu ku mulima na kwao mu pori, mbuzi ya kuomba iko na sheria yake. Baba ya binti akikula nyama ile, neno imekwisha. Amekupa mutoto. Hakuna kurudi.

Basi tukafika ku mutelemuko. Njia ilikuwa nyembamba, kamiyo moja tu inapita, huku mulima, huku shimo. Kulikuwa bariyeri, muti wa kufunga njia, juu na bariyeri chini. Juu kulikuwa ngoma kubwa. Ikilia, ba chini banajua: huku juu hakuna mutu anashuka, pandisheni. Ikinyamaza, bangoje.

Ile asubui ilikuwa zamu yetu ya kushuka. Ngoma ilipashwa kunyamaza.

Lakini moteri ilikuwa na moto, Papa Klakso akasema ipoe kidogo. Nikafungua fono. Batu bakaanza kucheza. Mulinzi wa bariyeri mwenyewe akaweka kofia chini, akacheza mpaka mukaba ikakatika.

Na mi nikaona ile diske iko na gitare tu, inakosa ngoma. Nikageuka, nikaona ngoma. Iko bule, haina mutu.

Wakubwa, mungefanya nini?

Nikaipiga! Nikaipiga kwa juu ya Feza, kwa juu ya karani na lunete yake. Nasema Kisangani kule batu baliamuka.

Nyuma ya pale tukapanda kamiyo, tukashuka, furaha tupu. Katikati ya mutelemuko, kona moja hivi, kamiyo ingine hii hapa! Uso kwa uso! Papa Klakso akakanyaga freni, viazi ikanifunika mpaka shingo.

"Rudi nyuma!" Papa Klakso akapiga makelele.

"Rudi weye!" shofere wa chini akajibu. "Ngoma ya juu imeniita! Na niko na magunia ya muchele!"

"Mi niko na viazi, na mbuzi ya bwana-arusi!"

Hapo kichwa ya muzee moja ikatoka ku kamiyo ya chini. "Bwana-arusi wa nani?"

Nyuma yake mutu akacheka. Kile kicheko nilikijua. Feza!

Mulinzi wa bariyeri naye akafika mbio, anashika suruali na mukono, juu mukaba ilikatika. "Nani... nani aligusa ngoma yangu?"

Batu ya kamiyo yetu bakanionyesha na vidole yote, hata ya miguu.

Muzee akanitazama. "Njo weye wa fono? Unaniombea mutoto, tena unanifungia njia?"

Kurudi nyuma haikuwezekana, ilikuwa matope na shimo. Bakatoa majembe, banaume ya kamiyo zote mbili, tukachimba ukingo ili moja ijikunje pale, ingine ipite. Jua ikafika katikati, njaa ikatushika. Muchele iko, viazi iko, mboga hakuna. Macho yote ikaenda ku mbuzi.

Nikasimama juu ya gunia. "Bandugu! Hii mbuzi iko ya kumuomba Feza. Mutakula bote. Lakini batu bote bajue iko ya kazi gani."

Muzee akasema: "Mi nitakula majani." Akaenda kuikaa ku jiwe, akatupa mugongo.

Mama ya Feza, mwenye alipanda nabo, njo alipika. Mama yule alikuwa na akili! Alitazama upepo inatoka wapi, njo akaweka sufuria pale moshi itamufikia bwana yake mu pua. Akamwanga mawese, akamwanga pilipili. Mi nikaweka diske.

Feza akapelekea baba yake nyama. Akakataa. Akapeleka tena. Akakataa, lakini akatazama. Mara ya tatu akapokea, eti: "Nashikilia tu, isianguke mu matope."

Tukamaliza kuchimba. Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti, moyo inapiga kuliko ile ngoma.

"Papa, sema neno. Karani ao miye?"

Akageuka. Shavu moja imejaa kama avoka, mafuta inatiririka ku ndevu. Akasema, sauti inatoka mbali: "Mi... si... ja... kubali!"

Batu bote bakatazama ile shavu.

Fundisho yangu, vijana: usiguse ngoma ya serikali, isipokuwa uko na mbuzi karibu. Na muziki yenye ilisimamisha kamiyo mbili haiko ya kulalia.

Mwenye alipandaka kamiyo zile, ao babu yake aliacha fono mu nyumba, aandike hapa chini. Mwenye atasema ni bongo, eti nimedanganya, naye aandike, jina yake ninaitaka.

Aa! Mungeniacha niende bila kuuliza mama ya Feza alijibu nini? Alisimama na mwiko mukononi, kamiyo mbili nzima banasikia:

"Kama haukubali, tema!"