Kiti cha Mama Amuri

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala karatasi. Nilipewa kitambaa na viti. Mkuu wa Protokoli, mzee mnene ambaye hakuvua abakosi yake, ile suti yetu isiyo na tai, hata jua la Kindu liwake namna gani, alinionyesha ukumbi mtupu uliotazama mto Lualaba, akasema, "Panga." Nikapanga mistari minyoofu kama ya darasani, nikajiona nimeweza. Alipita katikati ya viti mikono ikiwa nyuma, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Kijana, umeweka mugeni mukubwa anaangalia choo," aliniambia. "Kwa kazi hii, kiti inasema mbele ya mutu. Mutu akiisha kukaa, hakuna kitu utasema tena."

Ninyi vijana wa leo mnaoshusha viti vya plastiki kutoka kwenye pikipiki na kuviacha popote vinapoangukia, nawaangalia tu. Wakati wetu kulikuwa na kitu kinaitwa presea, yaani utaratibu wa nani anatangulia nani: nani anaingia kwanza, nani anakaa kuume kwa nani, nani anasalimiwa akiwa amesimama. Ukikosea, mtu mzima atanuna siku nzima na shughuli yako imeharibika. Mimi sikukosea mara nyingi. Nalisema bila haya, maana walionifundisha walinifundisha vizuri.

Nilipelekwa Punia kwanza. Mkuu wa eneo kule alipokea wageni waliotoka msituni wakiwa na tope hadi magotini, na aliniambia, "Kwanza maji, halafu kiti, halafu maneno." Nimefuata mpangilio huo maisha yangu yote. Baadaye nikahamishiwa Kalima, mji wa machimbo ya bati, ambako kazi yangu ilikuwa kupanga karamu za mainjinia. Mainjinia waligombana kama kuku. Mkurugenzi wa nyumba ya wageni ya kule, mwanamke mkali sana, ndiye aliyenifunza siri moja: watu waliokosana usiwaweke uso kwa uso, watatazamana kwa chuki mpaka chakula kipoe. Waweke bega kwa bega. Kila mmoja ataangalia sahani yake, na mwishowe ataomba chumvi kwa jirani.

Niliporudi Kindu, mzee wangu mnene alikuwa amestaafu, nami nikapewa kiti chake. Nilikuwa Mkuu wa Protokoli katika ofisi ya Komisere, mkubwa wa serikali kwa Maniema yote. Ofisi yetu ilikuwa katika mtaa wa Kasuku, si mbali na soko. Ni hapo ndipo nilipokutana na kazi ninayotaka kuwasimulia.

Miaka ile majirani zetu wa kusini walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, serikali yao upande mmoja, waasi upande mwingine. Redio ilisema nchi yetu ni mpatanishi, rafiki wa pande zote, na kwamba hakuna askari wetu hata mmoja aliyevuka mpaka. Kindu ilijua vingine. Kindu ni mji wa reli, na tuliwaona vijana wetu wakipanda treni ya kusini na magwanda yao, kisha kimya. Wazazi hawakuthubutu kuuliza. Utamuulizaje mkubwa habari za mtoto ambaye yeye anasema hakwenda popote?

Mmoja wa vijana hao aliitwa Amuri. Mama yake alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na mkono wake kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, haujapata mfano mpaka leo. Kama ilivyo desturi yetu, alipozaa mtoto wa kwanza jina lake la usichana likasahaulika, akawa Mama Amuri kwa kila mtu, kuanzia wauza samaki hadi Komisere mwenyewe. Askari mwenzake Amuri, aliyerudi na jeraha, alimnong'oneza kwamba mwanawe yu hai, ila ametekwa na serikali ya kule. Mama Amuri aliniambia mimi, kwa kuwa tulikuwa majirani. Nilimhurumia sana.

Basi wapatanishi wa vita vile wakachoka na miji mikubwa yenye waandishi wa habari kila kona. Wakatafuta mji mtulivu wenye kiwanja cha ndege, na Kindu ikachaguliwa. Ungekuja ujumbe wa serikali ya kusini, ujumbe wa waasi, na Msuluhishi, balozi mzee kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Sijawahi kufurahi kama siku ile. Niliosha viti vyote kwa mkono wangu.

Kabla wageni hawajafika, Komisere aliniita.

"Sitwaye," alisema, maana siku zile sote tuliitwa raia, bwana hakuna, "ile mupishi asiitwe tena Mama Amuri. Mumuite Sitwayeni, basi. Mugeni akisikia Amuri, atauliza Amuri njo nani."

"Ndiyo, Sitwaye Komisere."

Nilipeleka amri jikoni. Wasaidizi walicheka mpaka wakashika meza. Mama Amuri hakucheka.

"Basi mimi niko nani?" aliuliza. "Toka nilizaa, hakuna mutu aliniita jina ingine."

"Ni siku kidogo tu, dada. Utawapikia lakini?"

"Nitapika. Mugeni ni mugeni. Lakini usiniambie nicheke nao."

Mazungumzo yaligoma tangu mwanzo. Asubuhi pande zote mbili zilisoma hotuba, mchana zikasusa. Ujumbe wa serikali haukutaka kuingia kwa mlango mmoja na waasi, nikafungua wa pili. Waasi wakasema mlango wa pili ni mdogo, nikaiondoa milango yote miwili na bawaba zake, nikaweka mapazia mawili ya urefu sawa. Msuluhishi aliniona nikipima pazia, akanikonyeza. Nilijua hapo kwamba mzee yule ni mtu wa kazi.

Kwa chakula cha mchana nilifanya kama Kalima. Meza moja ndefu, viongozi wawili wa pande zilizopigana bega kwa bega, Msuluhishi upande wa pili akiwatazama, Komisere pembeni yake. Mama Amuri alileta wali wetu wa Maniema, sombe, na samaki wa Lualaba katika mawese. Walianza kwa kununa. Kisha mkuu wa waasi akamsogezea mwenzake bakuli la pilipili bila kumtazama. Nilisimama ukutani, kifua kimejaa kama cha jogoo.

Komisere alikula kwa raha kuliko wote. Alikuwa amekula mkono wa mama yule kwa miaka, na raha humsahaulisha mtu. Alipomaliza, mawese yakimchuruzika vidoleni, aligeukia jikoni akapaza sauti:

"Mama Amuri! Leta maji ya kunawa!"

 Yeye mwenyewe hakujua amesema nini, mpaka aliponiona uso.

Mama Amuri akatoka na birika na beseni, akaanza kwa mgeni mkubwa, ndivyo inavyotakiwa. Msuluhishi akanyoosha mikono. Naye ni mtu wa Kiswahili aliyelelewa vizuri. Mama akiitwa kwa jina la mwanawe, utakosaje kumuulizia mwana?

"Ahsante, Mama Amuri," alisema. "Na Amuri mwenyewe hajambo?"

Wote mezani waliojua Kiswahili waliacha kutafuna. Mama Amuri hakuacha kumimina maji.

"Sijue, baba," alijibu. "Iko kwa hawa." Akaonyesha kwa kidevu mkuu wa ujumbe wa serikali ya kusini.

"Huyu mama amechoka," Komisere alisema upesi.

"Hajachoka," Msuluhishi alisema kwa upole. "Nimemuuliza, kanijibu." Akapangusa mikono, akamgeukia yule mkuu na kumtafsiria kila neno kwa lugha yake. Yule bwana alitazama wali uliobaki katika sahani yake, wali aliopikiwa na mama huyu. Kikao cha alasiri kikaahirishwa.

Komisere alinifokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nami nilikuwa na hasira zangu. "Sitwaye Komisere, jikoni walinyamaza wote," nilimwambia. "Ni wewe njo ulimuita." Akaniambia nitoke.

Habari haikulala. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, na watu walikuwa na majembe mkononi mbele ya soko. Mama mmoja, muuza mihogo, akasimama akasema kwa sauti, "Na mimi mutoto yangu Sefu iko wapi?" Mwingine akataja wake. Mwingine tena. Katibu wa Chama akapanda juu ya kreti.

"Munaharibu amani!" alipiga kelele. "Wageni wakisikia tuko na askari kule, watasema sisi si wapatanishi, watarudi kwao. Vita itaendelea, na ile watoto munalilia itakufa kweli!"

"Amani gani ile haina watoto?" fundi mmoja wa reli alimjibu. "Mupatanishi anaogopa jina ya mutu?"

Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa na duka la vitambaa, alimuunga mkono Katibu: tunyamaze sasa, tuulize baadaye. Wanawake wakamzomea. Walibishana pale mpaka jua likawa kali, hadharani, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Chama kiwe kimoja. Nawaambia ukweli: Katibu hakuwa mjinga, hofu yake ilikuwa na msingi. Lakini mimi nilikuwa upande wa wanawake, na nilifurahi kuwasikia.

Msuluhishi akaomba Mama Amuri aingie kikaoni. Komisere akakataa katakata: mpishi hana cheo, hana ujumbe, atakaa wapi? Akanitazama mimi, akitegemea nitamuunga mkono. Na kweli swali lilikuwa la kazi yangu.

"Mwenye kulisha wageni ni mwenye nyumba," nilisema. "Kwa presea, mwenye nyumba anakaa mbele ya mugeni mukubwa. Kiti yake iko. Ni sisi tulisahau kuiweka."

Komisere aliangalia mlango wa jikoni. Alikuwa na watoto wa kiume yeye pia. "Weka," alisema hatimaye, "lakini hakuna mutu atasema neno askari."

Niliweka kiti kizuri kuliko vyote, chenye mikono. Mama Amuri aliingia amevaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa, akawatazama wote bila kupepesa. Hakulia. Alisema mwanawe anaitwa Amuri, ana kovu la moto mkononi tangu utotoni, na kwamba wao wamekula chakula chake. Kisha akataja Sefu, na watoto wa wale mama wengine, jina moja moja, kwa moyo.

Hapo nikaona usuluhishi ni nini. Serikali yetu haikuweza kusema ina askari kule. Serikali ya kusini haikuweza kuwaachia askari ambao hakuna aliyewadai. Msuluhishi akapendekeza neno "wasafiri." Katika komunike, tangazo la mwisho linalotiwa sahihi na wote, kukaandikwa kwamba wasafiri waliozuiliwa kwa sababu ya vita watarudishwa makwao. Kila upande ulilinusa neno lile, ukaona halimuumi mtu. Mengine yote walishindwa kukubaliana. Wageni waliondoka na vita vyao, na vita viliendelea. Mstari ule mmoja ulibaki.

Mvua za msimu zilikuja zikapita kabla ndege ya wasafiri haijatua. Komisere aliniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Tutapokea namna gani mutu mwenye hakutoka?" Nikamwambia kama tulivyopokea watu Punia: kwanza maji, halafu kiti, halafu maneno. Amuri alishuka amekonda, akitembea kwa fimbo, lakini kovu lilikuwa palepale. Komisere alimpa mkono akamuuliza kama safari ilikuwa nzuri. Kisha akageukia umati, na safari hii kwa makusudi, akaita kwa sauti kubwa, "Mama Amuri! Njoo!" Mama yule alikimbia kama msichana. Nililia, na abakosi yangu ilikuwa na ushahidi.

Lakini wasafiri walikuwa wachache kuliko majina. Muuza mihogo alibaki amesimama kiwanjani mpaka walipofunga mlango wa ndege. Nilimwendea na glasi ya maji, nikamtafutia kiti. Maneno sikuwa nayo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wengine. Katika kila sherehe ya Kindu niliyoipanga hadi nilipostaafu, yule muuza mihogo alikaa mstari wa mbele. Kila mkubwa mpya alininong'oneza, "Huyu mama ni nani?" Nami nilijibu, "Huyu ni Mama Sefu," kisha nikasubiri. Kwa kuwa walikuwa watu waliolelewa, hawakuwa na njia. Walimpa mkono, wakamuuliza, na yeye akawajibu.

Mimi sasa sina ofisi, na viti vinapangwa na wengine. Yeye yu hai, anauza mihogo palepale sokoni. Mkipita, msimwite bibi. Mwiteni Mama Sefu, kisha mumuulize Sefu hajambo. Anasubiri kuulizwa.