Barua Iliyofika kwa Wahariri

Anayesema kungoja si kazi hajawahi kutuma hadithi kwa jarida la mtandaoni. Mabano alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka miwili bila likizo. Asubuhi, kabla ya mswaki, alifungua barua pepe. Akifika kazini alifungua tena. Kisha alipekua kapu la barua taka, kwa kuwa alishasoma mahali kuhusu mwandishi ambaye barua yake ya kukubaliwa ilikaa humo miezi minne bila yeye kujua. Tangu siku hiyo alilipekua kapu lake mara tatu kwa siku.

Mabano si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kwenye kikundi cha waandishi cha kwenye simu, watu sabini na kitu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, baada ya kuwatumia hadithi ya kurasa sita iliyokuwa yote ndani ya mabano. Nusu yao walisema ni kazi ya kuthubutu, nusu wakasema inaumiza macho. Jina likaganda, naye akalipenda. Alipenda hadithi ambazo hazikai kama hadithi: orodha ya vitu vilivyopotea, fomu iliyojazwa nusu, tangazo la chumba cha kupanga. Ya mwisho, aliyoihangaikia mwaka mzima, ilikuwa barua iliyofutika yote zikabaki tanbihi tu, yale maelezo madogo yanayowekwa chini ya ukurasa. Juu peupe, chini tanbihi thelathini na tisa, barua yenyewe aikisie msomaji. Mimi ningesema msomaji naye ana shughuli zake, lakini sikuulizwa.

Mchana alikuwa mchapaji katika duka la mjomba wake. Lilikuwa na kompyuta moja, mashine ya kopi iliyokohoa kabla ya kila karatasi, na kiti cha mteja chenye mguu uliofungwa kwa mpira. Watu waliingia na maneno kichwani wakatoka na barua mkononi: maombi ya kazi, malalamiko juu ya jirani, pole kwa wafiwa. Wasio na barua pepe, zao zilitumwa kwa anwani ya duka, na majibu yakarudi hapohapo. Mjomba alikuwa na sheria moja tu, kwamba kompyuta ya kazi ni ya kazi, na kila Jumamosi alivaa miwani akapitia mafaili kuhakikisha. Kwa hiyo Mabano alizipa hadithi zake majina ya barua za wateja. Mjomba akipita, anaona barua ya mpangaji, barua ya fundi, barua ya mama, anaridhika na kuvua miwani. Mabano alijiona mjanja kuliko sungura.

Jibu lilikuja Jumanne saa nne asubuhi, akiwa anatia plastiki kitambulisho cha fundi bomba. Jarida lile kubwa, lililokwisha kumkataa mara tatu kwa adabu, limeikubali hadithi yake na itatoka Ijumaa. Kitambulisho kikaungulia kwenye mashine. Fundi bomba alilalamika, Mabano akamwomba radhi huku anacheka peke yake, halafu akatangaza kikundini kabla hata hajaimaliza kuisoma barua ya mhariri. Hongera zikamiminika. Watu waliokuwa hawamjibu hata salamu walimwita dada yetu.

Alipotulia ndipo akaisoma barua yote. Mhariri aliandika kwamba Mabano hatimaye ameacha michezo. Kwamba hajawahi kusoma mama anayeomba msamaha namna ile bila kulitaja kosa. Kwamba ile sweta ya manjano ya mtoto mchanga, iliyofumwa mkono mmoja ikaachwa, ilimtoa machozi.

Mabano hakukumbuka sweta. Alijifariji kwamba wahariri huona mbali, pengine ameiona katika tanbihi ya ishirini. Hata hivyo akafungua kiambatisho alichokuwa ametuma.

Ilikuwa barua ya Mama Mkunga.

Mama Mkunga alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mpana asiye na haraka, na nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake siku walipozaliwa. Wiki tano nyuma alikaa kwenye kile kiti kibovu akamtajia Mabano, neno kwa neno, barua ya kwenda kwa binti yake wa pekee, aliyekuwa amehamia mbali na kubadilisha namba ya simu. Miaka minne hawajasemezana. Anwani ya barua pepe ameipata kwa shangazi wa binti, kwa kubembeleza. Mabano aliichapa barua huku jicho moja liko kwenye saa, maana siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya jarida kupokea kazi. Akaihifadhi: Barua ya mama 2. Yake iliitwa Barua ya mama. Zote mbili alizituma ndani ya dakika kumi.

Akafungua sanduku la barua zilizotumwa la duka, ingawa jibu alishalijua. Binti wa Mama Mkunga ametumiwa ukurasa mweupe na tanbihi thelathini na tisa.

Na kila Alhamisi, kwa wiki tano, yule mama alikuwa anaingia dukani kuuliza kama kuna chochote. Na kila Alhamisi Mabano alimwambia kwa uchangamfu kwamba bado, mama, watu wa mbali wana shughuli nyingi.

Jumanne hiyo hakula. Jumatano alimweleza dada yake, ambaye aliuza dawa katika famasi na alikuwa hana subira na sanaa ya aina yoyote. Mabano alizunguka sana kabla ya kufika. Alisema mama yule hasomi majarida, hana hata simu ya kuyafungulia. Alisema angeweza kuituma barua upya kimyakimya, binti aipate, mama apate jibu, na jarida litoe hadithi yao, kila mtu kwake shwari. Alisema amengoja miaka miwili. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa la kweli.

"Kwa hiyo unaiba," dada akasema.

"Sijaiba. Nilikosea faili."

"Ulikosea siku ile ya kutuma. Ukinyamaza mpaka Ijumaa, umeiba."

Mabano alimchukia dada yake kama saa moja hivi. Kisha akamwandikia mhariri ukweli wote na kuiondoa hadithi, na kwa kuwa alishajitangaza kwa mdomo wake, akaona ajitangue kwa mdomo huohuo. Akaandika kikundini: iliyokubaliwa si yangu, ni barua ya mteja wangu, nilituma faili kimakosa. Akaiweka simu kifudifudi mezani, akangoja matusi.

Hayakuja matusi. Lilikuja jambo baya zaidi. Mmoja aliandika kwamba sasa ndiyo ameielewa kazi yenyewe, kwamba huku kukiri ndiko sura yake ya mwisho. Mwingine akauliza kama huyo mkunga ataendelea kuonekana. Wa tatu akasema amepigwa butwaa, mwandishi anayekana hadithi yake hadharani, hili halijawahi kufanywa. Mabano akaandika kwamba hatanii. Wakampigia makofi kwa hilo pia. Alikuwa amewazoesha watu kwamba kila karatasi yake ni mchezo, na sasa hapakuwa na karatasi ya kuwaambia kwamba hachezi. Akajitoa kikundini.

Mhariri yeye alielewa. Alijibu kwamba wameiondoa, na kwamba mwenye barua akiridhia, wangeitoa bila jina, maana ni maneno mazuri mno kubaki kwenye droo. Mabano alilala na jibu hilo kama mtu aliyelala na jiwe kifuani.

Alhamisi alasiri Mama Mkunga aliingia, akaweka mkoba wake magotini, akauliza kama kuna chochote.

Mabano alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi. Yote yalimtoroka. Alisema tu kwamba ile barua haikufika, kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba ilikwenda kwa watu wa jarida, na kwa binti kikaenda kitu kingine cha upuuzi. Alikuwa anatazama kibodi. Mama Mkunga hakupaza sauti. Aliomba aonyeshwe hicho kilichokwenda, na Mabano akamgeuzia kompyuta. Yule mama akautazama ukurasa mweupe kwa muda mrefu, akasogeza uso, akasoma tanbihi mbili tatu kwa kunong'ona.

"Na yeye alijibuje?"

Mabano alianza kusema hakujibu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba kapu la barua taka la duka hajawahi kulifungua hata siku moja. La kwake mara tatu kwa siku. La wateja, halimhusu. Akalibonyeza. Kati ya matangazo ya viatu na dawa za kunenepa kulikuwa na barua fupi, ya siku moja tu baada ya ile ya kwanza.

Mama Mkunga akasema asomewe, macho yameshachoka na yale maandishi madogo. Mabano akasoma. "Mama, nimefungua barua yako nimekuta ukurasa mtupu, na maneno madogo madogo kule chini. Miaka minne nimengoja useme. Kumbe hata kwa karatasi huwezi. Nimeelewa. Usiniandikie tena."

Mashine ya kopi ilikuwa inanguruma upande wa pili, mjomba akihesabu karatasi za mwalimu fulani. Mabano aliomba msamaha, akaona neno lenyewe ni dogo, akaliomba tena. Alisema ataituma barua ya kweli sasa hivi, mbele yake. Alisema ni nzuri, hata wale wa jarida waliipenda.

"Walipenda nini?"

"Walisema umeomba msamaha bila kulitaja kosa."

Mama Mkunga alifungua mkoba, akaufunga.

"Hao wanajua kusoma," akasema. "Sasa hiyo usiitume. Kwa jarida wala kwa mwanangu. Fungua karatasi mpya."

Alisema polepole, na Mabano akachapa. Kwamba zile tanbihi si zake. Kwamba siku ile binti alipompigia uchungu umeanza kabla ya wakati, aliisikia simu na akaipokea. Kwamba mwenzake wa zamu alimwambia nenda, mimi nipo, na yeye akakataa, akasema zamu haijaisha. Kwamba alimpokea mtoto wa mwanamke asiyemjua, akamfunika vizuri, na saa hiyohiyo mjukuu wake alikuwa anazaliwa bila mkunga, akafa. Kwamba alijiona mkunga bora kuliko wote, na alikuwa anapenda watu waseme hivyo. Kwamba angeondoka pengine mtoto angeishi. Kwamba hana sababu. Kwamba anaomba msamaha, na asiposamehewa ataelewa.

Hapakuwa na sweta humo. Sentensi zilikuwa fupi, neno kwamba limerudiwa mpaka linachosha, na vidole vya Mabano viliwasha kutaka kupunguza. Hakugusa kitu. Aliomba ruhusa aongeze mistari miwili ya kukiri kosa lake mwenyewe kwa jina lake la kuzaliwa, akaruhusiwa. Kisha akasoma anwani herufi kwa herufi, Mama Mkunga akiifuata kwa kidole kwenye kikaratasi cha shangazi. Wakaituma saa kumi na moja na dakika tano.

Mabano alisema pengine itachukua siku. Alisema pengine hata binti hataifungua, baada ya ile. Alijikuta anaongea upesi upesi, huku anabonyeza sanduku la duka, kisha kapu la taka, kisha sanduku tena. Alikuwa amengoja majibu mengi katika maisha yake na hajawahi kuogopa hivi.

Saa kumi na mbili mjomba alizima mashine ya kopi, akachukua funguo, akasema duka linafungwa.

Mama Mkunga alivua viatu, akavisogeza chini ya kiti.

"Mwambie mjomba wako asifunge," akasema. "Siku ile nilibaki kwa mtoto wa watu. Leo nabaki kwa wangu."