Mkwe Aliyekataa Kupanda Mlingoti wa Upepo

Mume wangu Erasto si mwoga. Naanza na hilo kwa sababu hapa Chilangala hata mtoto mdogo ukimuuliza atakwambia ni mwoga, na aliyewaacha watu waseme hivyo ni mimi.

Kwao ni Nanganga, kule chini Masasi, barabarani. Alikuja kwetu kuoa na, kama ilivyo kawaida yetu, akajenga palepale nyumbani kwa mama yangu, Bibi Dorika. Alikuja na msumeno wa mkono, panga na kamba, maana kazi yake ni kupogoa mikorosho. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupanda huku na malori yao, kila mtu akaikumbuka mikorosho yake aliyoiacha ikawa pori, na Erasto akawa anaitwa hadi kijiji cha Mnyambe. Nimemwona amesimama kwenye tawi jembamba kuliko mkono wangu, anakata huku anaimba. Nasema nilichokiona.

Kingine, ni mtu wa adabu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Erasto akitaka kupita uani anakohoa kwanza, na mama akisikia kikohozi anaingia ndani. Wakiwa na neno la kuambiana wananipitishia mimi, hata kama wamesimama hatua tano tu. "Julia, mwambie Baba Pendo mbuzi wamefunguka." Mimi sijafungua mdomo, Baba Pendo keshakimbilia mbuzi. Nilikuwa nacheka sana mambo hayo, nikiwa sijui bado.

Mwaka tisini na tano ikaja kampuni ya watu binafsi kupima upepo. Walikutana na kijiji kwenye uwanja wa shule, mzungu mmoja na fundi wao, Nikolao, kijana wa Masasi mwenye maneno mengi. Wakatuonyesha picha ya mapangaboi makubwa yamesimama baharini, ndani ya maji kabisa, meupe, miguu yao haionekani inakoishia. Nikolao akaeleza kwamba huko kwa wenzetu yanatoa umeme, na kampuni inataka kuyasimika hivyohivyo baharini upande wa Mtwara. Lakini kwanza wapime upepo mwaka mzima, hasa msimu wa kusi. Mlingoti mmoja utasimama ufukweni na mwingine kwetu, ukingoni, upepo unapopanda kutoka bondeni. Na kama kwetu upepo utatosha, watasimika mawili hapahapa, umeme wake usukume maji kutoka bondeni.

"Na samaki wakitaka kulala?" jirani yetu Adija akauliza.

"Watalala kwenye feni, mama, kama mabosi," Nikolao akajibu, uwanja mzima ukacheka.

Lakini hilo la maji hatukulicheka. Pampu ya Newala ilikuwa ikikosa dizeli wiki nzima nzima, na sisi wanawake tulikuwa tunateremka mteremko ule na ndoo na kuupanda tena, wengine na mimba. Mimi niliupanda Pendo akiwa tumboni.

Mahali pa juu kuliko pote ukingoni ni kiwanja cha mama. Mama akakubali kabla hajamaliza kuombwa. Mlingoti ukasimamishwa hatua hamsini kutoka nyumbani, wa chuma, mrefu kama minazi mitatu, umeshikwa na nyaya pande zote. Kule juu kulikuwa na vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Chini kulikuwa na kisanduku chenye namba zinazotembea, kama zile za gari zinazohesabu mwendo. Erasto akapewa kazi ya kuutunza. Kila asubuhi asome namba, na kila Jumamosi apande kuvifuta vikombe vumbi na kuangalia wadudu. Yeye kuandika kunampa shida, kwa hiyo akisoma kwa sauti mimi naandika kwenye daftari. Nilimaliza darasa la saba, na mwandiko wangu walimu waliusifu.

Jumamosi ya kwanza akapanda. Nilikuwa nimembeba Pendo, namwangalia anavyokwenda, mkono, mguu, mkono, mguu, bila haraka. Alifika juu. Akageuza uso upande wa nyumbani, halafu nikaona amegeuka ghafla na kuukumbatia mlingoti, paji la uso limegusa chuma. Akakaa hivyo muda. Aliposhuka, jasho lilikuwa linamtiririka na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Umepatwa na nini, Baba Pendo?"

Akatangulia, nikamfuata mpaka ndani.

"Bafu la mama halina paa," akasema.

Nikaelewa yote. Bafu la mama ni la mabua, lipo nyuma ya nyumba, na mama ana mguu mbovu. Hatoki nyumbani, na anaoga maji yakipata joto la jua, saa yoyote anayojisikia.

"Alikuona?"

"Hakuniona. Mimi ndiye niliyeona, Julia. Sitapanda tena."

"Panda akiwa amelala."

"Na mtu akipita akasema mkwe anamchungulia mama mkwe wake, nitajitetea na nini? Nitasema nilifumba macho?"

"Basi nimwambie mama ahamishe bafu."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Ukimwambia ahamishe, atauliza kwa nini. Ukimwambia kwa nini, atajua. Mimi nitakaa wapi? Niapie."

Nikamwapia.

Miezi ya kwanza haikuwa na shida, vikombe vilizunguka vyenyewe. Mwezi wa saba kusi ikakaza. Asubuhi moja Erasto akasoma namba, nikaona ni ileile ya jana. Nikaandika. Kesho yake ileile. Nikatazama juu. Mikorosho ilikuwa inayumba, maua yanapukutika kama pumba, khanga yangu imenipiga usoni, na vikombe vimesimama kimya.

"Vimekwama," nikasema.

"Andika unachosomewa," akasema, hakunitazama.

Niliandika namba ileile siku thelathini na nane. Nilijua ninachoandika. Kila siku nilijua, na kila siku niliteremka bondeni na ndoo.

Nikolao alirudi mwezi wa tisa na pikipiki, pamoja na mwenyekiti wetu Mzee Swalehe. Majirani wakasogea kama kawaida. Akafungua daftari, akasoma kimya, akaanza kucheka, halafu akaacha.

"Kusi yote hii Chilangala hakukuwa na upepo? Hata wa kupuliza chai?"

Watu wakacheka. Akavaa mkanda wake, akapanda, akashuka na donge la udongo kiganjani.

"Nyigu. Wamejenga, wamezaa, wameolewa. Ndugu yangu, Jumamosi ngapi hujapanda?"

Erasto alikuwa anaangalia chini. "Nyingi."

"Kwa nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Mimi nilikuwa katikati yao, mahali pangu pa siku zote.

"Msimu wa kusi ndio tuliokuwa tunautaka," Nikolao akasema. Sasa hakuwa na mzaha. "Ofisi haina mwaka wa pili wa kungoja. Nikipeleka daftari hili, mlingoti unang'olewa, na yale mawili ya hapa msahau. Nipe sababu moja ya kuwaambia. Ulikuwa unaumwa? Nitaandika ulikuwa unaumwa."

Erasto akanitazama mara moja. Hakunitazama kuniomba niseme. Alitaka kuona kama nitasema. Nikamsogeza Pendo kutoka nyonga hii hadi ile.

"Naogopa urefu," akasema.

Watu walicheka kicheko ambacho sijakisahau. Adija alishika mbavu. "Mpogoaji anaogopa urefu! Kumbe mikorosho yetu ulikuwa unaipogoa umelala chini?"

"Mvuvi anaogopa maji!" mwingine akadakia.

Mzee Swalehe hakucheka. "Umetunyima maji, bwana," akasema polepole, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko.

Halafu mama, ambaye tangu nimeolewa hajawahi kupaza sauti mkwe wake akiwapo, akasema kutoka mlangoni, "Julia, mwambie mumeo. Mwambie niliomba mwanamume, nikaletewa kuku. Wajukuu zangu watateremka bondeni kwa sababu yake."

Mimi sikumwambia, kwa kuwa alikuwa amesikia. Na sikumwambia mama lolote. Ningesema neno moja tu, hata "mama, ngoja", pengine pangepatikana njia. Lakini kulitaja bafu la mama mbele ya wanaume wale! 

Mlingoti uling'olewa mwezi uliofuata. Erasto mwenyewe alisaidia kufungua nyaya. Watu wakaacha kumwita kupogoa. Walimwita kwa utani tu, "Miguu Chini, njoo utuchumie mchicha." Alikwenda kutafuta kazi Masasi, akarudi, akalima. Nyumbani akawa anakohoa mbali zaidi kabla ya kupita.

Mama aliendelea kumsema. Siku moja, tunabangua korosho, akasema atawaita ndugu zake wa Nanganga waje wamchukue. Hapo nikavunja kiapo. Nikamwambia yote, bafu, Jumamosi, paji la uso kwenye chuma. Nilifikiri nikimpa ukweli atampenda.

Mama aliacha kubangua. Akatazama mikono yake myeusi.

"Aliniona?"

"Mara moja, mama. Hakutazama tena."

"Na watu walipomcheka alinyamaza."

"Alinyamaza."

"Na mimi nikamwita kuku." Akajiinua kwa fimbo yake. "Nakwenda kwa mwenyekiti. Nitasema..." Akasimama hapohapo. Nilimwona akitafuta namna ya kulisema lile neno mbele ya Mzee Swalehe, asilipate. Akakaa tena. Asubuhi alifunga mzigo, akapanda lori la kwenda kwa dada yake, Mnyambe, na mguu wake ule.

Erasto akadhani mama amehama kwa kumchukia. Wiki mbili alikuwa ananiuliza, "Ni mimi?" nami nilikuwa najibu, "Ni mguu." Siku ya kumi na tano, tunapalilia, nikamwambia ni mimi niliyemweleza mama yote. Akapalilia mstari wake mpaka mwisho, akarudi na mstari mwingine. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Nenda ukamrudishe. Mwambie mimi nitajenga kule karibu na barabara. Hii ni nyumba yake."

Nilikwenda Mnyambe kwa miguu na Pendo mgongoni. Mama alikuwa kibarazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Amenituma. Anasema urudi, yeye atahamia karibu na barabara."

"Asihame. Mikorosho yangu nani ataipogoa? Hao wanaomcheka?" Akapepeta mbaazi. "Mwambie nitarudi mwezi ukiandama. Mwambie na kuku wangu wawili niliowaacha ni wake, na nimesema kuku wa kweli."

Nikacheka kidogo, nikimtazama ili naye acheke. Hakunitazama, kama asivyomtazama mkwe wake. Alikuwa anasema na ungo. Nilipomsogezea Pendo alimpokea, akambusu, akamwambia, "Mwambie mama yako kuna maji kwenye mtungi, anywe."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka alipo. Nikanyanyuka, nikaenda kunywa maji.