Viganja vya Ngazini

Mimi sina subira na watu wanaosema nyumba ina pepo. Mahali pakichakaa tu, pana pepo, badala ya mtu kushika ufagio. Lakini ile hoteli kuukuu ya Garsen siingii peke yangu, hata saa sita mchana, na sioni haya kusema.

Utotoni mwetu hiyo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya ghorofa tuliyoijua. Wasafiri wa Lamu walilala pale wakisubiri feri, daraja likiwa bado halijajengwa. Sisi tulikuwa watu wa shamba, ng'ambo ya mto, wa mpunga na ndizi, na hatukuwa na la kutupeleka hotelini isipokuwa mafuriko. Mto ukivimba, mwenye hoteli alifungua mlango na wote tukapanda juu: sisi wakulima, wafugaji na ndama wao wachanga, wenye maduka na magunia yao ya sukari. Tuligombana kwa ajili ya moshi, tukagombana kwa ajili ya ndama, kisha tukala sufuria moja.

Maji yakishuka, kabla mtu hajazoa tope, kila aliyelala juu alichovya kiganja kwenye tope lile akakibandika ukutani, pale pale ngazini maji yalipofikia. Ndivyo tulivyouambia mto: mwisho wako hapa, usipite. Na viganja havikufutwa. Ukipanda zile ngazi ulipita katikati ya mikono ya watu.

Mdogo wangu alibandika chake mara moja tu, kando ya changu, vidole amevitanua kwa madaha. Mafuriko yaliyofuata, mtumbwi uliokuwa ukituleta hotelini uligonga gogo chini ya maji. Mimi nilishikwa nywele nikatolewa. Yeye hatukumwona tena. Hatuna kaburi lake, hatuna picha. Tulibaki na kile kiganja.

Mama hakumlilia mbele za watu. Lakini kila mto ulipojaa na kushuka, alikwenda ukingoni, akalowesha mkono, kisha akaenda hotelini kumwamkia mwanawe, kiganja juu ya kiganja. "Haya, tutaonana," humwambia, na kurudi shambani. Wenye hoteli walibadilika, hoteli ikafungwa, popo wakahamia, yeye akaendelea kwenda. Hata macho yalipomwisha nilimpeleka mimi, na kile kiganja alikipata mwenyewe bila kupapasa.

Sasa hoteli imepata mwenyewe mpya, na anataka irudi kama zamani. Yeye na watu wake wakaniita niwaeleze hiyo zamani. Nikanunuliwa soda, nikawaambia meza zilikaa wapi na madirisha yalikuwa rangi gani. Wakaitikia kwa vichwa weee, kisha wakaenda wakapaka ngazi rangi nyeupe! Ati wageni hawapendi uchafu. Nilimkabili fundi wa rangi nikamtolea maneno ambayo sitayarudia hapa, maana mimi ni mtu wa kanisa.

Fundi, mtu mzima wa Malindi, aliendelea kusuuza brashi yake hadi nikaishiwa pumzi. "Dada," akasema, "hebu njoo utazame kwanza."

Viganja vilikuwa vimetoka. Juu ya rangi mpya, vya kahawia, kimoja baada ya kingine. Alikuwa amepaka mara ya pili, vikatoka tena.

"Nimepaka nyumba nyingi," akaniambia. "Sijapata kupaka nyumba inayokataa."

Hakucheka. Mimi nilicheka, jamani, nilicheka kwa furaha, nikapanda mbio kuvitafuta. Changu hiki hapa. Hiki cha baba. Hiki cha yule mama wa duka aliyetupikia chai. Kando ya changu palikuwa peupe.

Nikapapasa ukuta. Nikamuuliza fundi kama amepakwangua, akaapa hakupakwangua.

"Hivi vingine vina tope nene, linapenya rangi. Hapo hapakuwa na kitu cha kupenya, dada. Palikuwa pameshalika, kama mtu alikuwa akipaosha."

Nikakaa pale pale ngazini. Ule mkono uliolowa, miaka yote ile. Mama alikuwa akimfuta mtoto kwa kumwamkia.

Na mto ndio kwanza ulikuwa umeshuka. Mama alishaanza kuniuliza, "Twende lini?" Nikampiga chenga: mara ngazi zimebomolewa, mara jua kali. Mwisho akanigeuzia yale macho yasiyoona. "Wewe unanificha nini?" Asubuhi nikampitisha mtoni, akalowesha mkono wake, tukaenda. Njia nzima niliyapanga maneno ya kumwambia, na mkono ukamkaukia huku nikiyapanga.

Tulipofika, ngazi nzima ilikuwa inameremeta. Fundi alikuwa amekata shauri, amepaka rangi ya mafuta, nzito, na viganja vyote vimezama. Changu, cha baba, vyote. Nikafungua mdomo, lakini Mama alishaniachia. Alipanda taratibu, bega likigusa ukuta wa upande wa pili, akasimama pale pale pake, akanyoosha mkono.

Kiganja kikatua. Alipotaka kukiondoa hakikutoka mara moja, kwa kuwa rangi ilikuwa bado inanata.

Mama akainama, nami nikajua sasa ameelewa, sasa ataanguka, nikapanda nimdake.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "leo amenishika."

Fundi alikuwa chini yetu na brashi yake. Nilimtazama, akaiweka kwenye ndoo. Mama akaurudisha mkono ukutani, na mara hii hakutaka kuutoa.