Mashavu ya Chelangat

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika hospitali ya shamba la chai huko Kericho, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Daktari Mkuu alinikabidhi wodi ya wanawake akaniambia, "Sister, hapa mtu akikosa damu, fikiria malaria, fikiria minyoo, halafu uniite." Kwa muda mrefu maneno hayo yalinitosha.

Kisha akaja Chelangat, mchuma chai kutoka Silibwet, mama wa watoto wadogo, viganja vyeupe, hata kuketi kitandani ni taabu. Hakuwa na malaria wala minyoo. Tulimwongeza damu akachangamka, lakini baada ya wiki chache ikaisha tena. Shemeji zake waliojitolea damu wakanizingira mlangoni. "Sister, damu yetu inaenda wapi? Ama nyinyi munauza?" Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinanizunguka.

Tulipeleka Nairobi kipimo cha uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Majibu yalisema kinga ya mwili wake inaua chembe nyekundu zikiwa bado changa. "Kiwanda ni kizima," Daktari Mkuu akanieleza, "lakini askari wa geti wanafukuza wafanyakazi. Tutawatuliza na vidonge vya prednisoloni." Nikazidi kuchanganyikiwa. Mgonjwa yuko hoi, tena tumpunguzie kinga?

Lakini damu ilipanda. Uso nao ukavimba, kwa sababu vidonge hivyo huvimbisha mashavu. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama mkwe alimnywesha damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, kama anavyopewa mwanamke aliyejifungua. "Angalia vile amenona!" akawaambia majirani. "Hii ni maziwa yangu. Sasa dawa ni ya nini?" Vidonge vikaachwa.

Chelangat alirudi kwa machela, mashavu bado ya mviringo, viganja vyeupe kabisa. Niliogopa kweli. Tukaanza upya, nami nikamketisha yule mama mkwe, ambaye wote tulimwita kogo, yaani bibi. "Kogo, maziwa endelea. Lakini usiangalie mashavu, angalia viganja: vikiwa vyeupe, damu imeisha."

Sikuwahi kuelewa kwa nini mwili umgeukie mwenyewe, na Daktari Mkuu alikiri haelewi pia. Nilipostaafu, miaka mingi baada ya vidonge kupunguzwa polepole hadi vikaisha, Chelangat na kogo walikuja kuniaga.

"Sister, huyu mulimukondesha sana," kogo alilalamika. Kisha akashika mkono wa Chelangat, akakunjua kiganja, akanionyesha.