Sweta la Kiraka cha Njano

Kornelia wa Singe, Mama Vicent, haamini kuwa nguo ni safi mpaka aigeuze mwenyewe, aone kwapa na kola. Ni dobi wa miaka ishirini.

Mwaka ule tope liliposhuka mlimani na kufunika nyumba za watu, vijana walikwenda na makoleo, yeye akaenda na sabuni. Waokoaji walipowatoa marehemu, akina mama walifua nguo zao, wakazianika kwenye uzio wa shule ili ndugu wapite wazitambue. Tope lilikuwa limezifanya zote rangi moja. Maji yakazirudisha kwa wenyewe. Mzee mmoja alimjua mkewe kwa pindo la kitenge.

Likabaki sweta la mtoto, la bluu, kiwiko kimezibwa kwa uzi wa njano. Mtoto alizikwa bila jina. Kornelia akaomba alitunze.

"Aliyeshona hapa," alisema, "akiona mkono wake ataujua."

Mwaka huu akaja Elieza, mwandaaji wa maonyesho ya kumbukumbu ya maafa yale, amevaa glovu nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo glovu za nini? Mimi sina ugonjwa."

"Ni za kutunzia vitu, mama." Akalikunjua sweta, uso ukamshuka. "Kumbe ulilifua?"

"Ulitaka nilale na tope ndani? Kiraka kitaonekana?"

"Litawekwa vizuri."

"Vizuri ndiyo vipi?"

Jirani yake, Paskalina, alicheka. "Mama Vicent, hata malaika akija utamkagua mbawa!"

"Kama ni nyeupe, nitazikagua zaidi."

Kornelia alilitoa sweta kwa sababu moja tu: watu wengi wangepita pale, na huenda mmoja wao ndiye aliyeshika ile sindano. Lakini wiki nzima roho haikumtulia. Aliisuuza kanzu ya padri mara mbili, akasahau kuianika.

Siku ya ufunguzi alifika ukumbini mjini kabla ya mgeni rasmi. Akayapita mabuti, machela na picha za waokoaji, hadi kwenye kisanduku cha kioo. Sweta lilikuwa la kahawia. Tope la kweli huingia kwenye mishono. Hili lilikuwa limekaa juu juu, sawasawa, kama chokaa ukutani. Njano haikuonekana.

"Nani amelipaka?"

Elieza akanong'ona, "Mama, bila tope watu hawataelewa."

"Tope wanalijua. Mtoto ndiye hawamjui. Fungua."

"Mgeni rasmi yuko njiani, mama yangu..."

Baltazar, mwokoaji aliyealikwa kusimama kando ya koleo lake, alikuwa anasikiliza. Yeye ndiye aliyemfukua mtoto yule. Alitoka nje, akarudi na ndoo ya maji, akaiweka mbele ya Elieza.

Elieza akafungua.

Kornelia alilifulia uani, akibadilisha maji mara tatu. Msafara wa mgeni rasmi ulipoingia, sweta lilikuwa limeanikwa kwenye uzio wa mbele, kiwiko kimeelekea barabarani, na yeye kando yake. Alikataa kurudi ndani, alikataa kupigwa picha. Kila mwanamke aliyepita, alimtazama vidole.

Elieza alimletea kiti. Kornelia alikitikisa kwanza, akatazama chini yake, ndipo akakaa kungoja.